Mlima kwa watoto wa Lamu: siku 5 kutoka Malindi

Mama mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalamu alaikum. Nina watoto wanne, mkubwa ana miaka 14, mdogo 5. Mlima wameuona vitabuni tu. Mume wangu ni nahodha, tumeweka akiba ili tutoke sote pamoja na mavyaa wangu mwenye miaka 68 na presha. Tunataka mbuga yenye milima tuzunguke kwa gari tukitazama, si kupanda kwa miguu. Wengine wanatwambia Mlima Kenya, wengine Aberdare. Gari tutakodi Malindi, na kutoka Malindi hadi kurudi tuna siku 5. Twende wapi, twende Agosti au Disemba, na gari gani? Nikuchekeshe: wanangu bahari ikichafuka vipi hawaugui, lakini basi la Malindi huwatapisha kabla hatujafika Witu."

Wa alaikum salaam, dada yangu. Hilo la mwisho umelitia kama kichekesho, lakini mimi ndilo ninaloanza nalo, kwa kuwa ndilo litakaloamua muende wapi. Mtoto wa Lamu amekulia chomboni. Juu ya jahazi huona upeo wa bahari, na macho yake na masikio yake husema neno moja: tunayumba. Ndani ya basi macho yanaona mgongo wa kiti uliotulia, huku sikio la ndani likisema tunakata kona, tunapanda, tunashuka. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu. Sasa fikiria barabara ya mlimani, ambayo kona moja haijaisha nyingine imeanza. Nimepeleka watu mbugani kutoka Malindi kwa miaka 22, na familia nilizozirudisha zimenuniana, takriban zote kosa lao lilikuwa moja: walitaka milima mitatu kwa siku zinazotosha mlima mmoja.

Mlima Kenya, basi, utoeni. Kutoka Malindi hadi Nairobi ni kama kilomita 600, na kutoka Nairobi hadi Naro Moru bado karibu 200. Katika siku zenu 5, mbili zimekwenda kwa kwenda na mbili kwa kurudi. Isitoshe, ule ni mlima wa miguu. Kilele kiko mita 5,199, lakini ukiingilia Naro Moru gari linaishia kwenye kituo cha hali ya hewa, mita 3,050 hivi, na hapo dereva anazima injini na wenye mizigo wanaanza kutembea. Aberdare ni habari nyingine. Ile kweli ni mbuga ya gari, ina nyanda za juu zenye baridi kali na maporomoko ya maji ambayo sijaona mfano wake Pwani nzima. Lakini njia zake huwa tope mara mvua inaponyesha, na unazunguka mahali palipo juu ya mita 3,000. Mtu aliyeishi miaka 68 usawa wa bahari, na ana presha, mimi simpandishi huko kabla daktari wake hajasema neno. Siku mkipata wiki mbili tutazungumza tena.

Nendeni Taita, kisha mbuga ya Tsavo Magharibi, mrudi na mto. Hilo la mto nitalieleza.

Milima ya Taita yenyewe si mbuga. Ni milima ya watu, yenye mashamba, shule, misikiti na makanisa, na misitu midogo iliyobaki vileleni. Imezungukwa na Tsavo kama kisiwa kilivyozungukwa na maji, na nadhani watoto wenu wataelewa mfano huo haraka kuliko watoto wa Nairobi. Kilele chake kirefu, Vuria, kina mita 2,208. Ukiwa chini, Voi, unavuja jasho kama uko Lamu mwezi wa Machi. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu unaomba sweta. Kwa mtoto ambaye mlima anaoujua ni vilima vya mchanga vya Shela, hiyo inatosha kabisa, na mavyaa wako hatapanda hata ngazi.

Safari ianzie Malindi alfajiri, maana yake mlale Malindi usiku wa kuamkia. Msitoke Lamu na kuunganisha siku hiyohiyo. Mkija kwa basi kutoka Mokowe mtavuka daraja la Sabaki kabla ya kuingia mjini. Waambie watoto watazame chini, wayaone yale maji ya rangi ya kahawia, wayakumbuke.

Kwenda Voi kuna njia mbili. Moja inaingia moja kwa moja Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, kama kilomita 110 kutoka Malindi. Madereva wengi watakusukumia hiyo kwa kuwa ni fupi na wanyama wanaanza kuonekana mapema. Kwa kwenda, ikataeni. Mtalipa ada ya mbuga siku ya kwanza, mtakaa juu ya vumbi na mitikisiko siku nzima, na mtafika chini ya mlima jioni, watoto wakiwa hoi. Njia ya pili ni ya lami mwanzo hadi mwisho: Kilifi, Mavueni, Kaloleni, Mariakani, kisha barabara kuu ya Nairobi hadi Voi. Ni kama kilomita 240, na Mombasa hamuigusi. Mkitoka saa 12 asubuhi, mtakuwa Voi saa 5 au 6 mchana, pamoja na kusimama. Kati ya Mariakani na Voi kuna malori, na foleni yake inamtia mtu hamu ya kupita mahali pasipopitika. Mwambieni dereva tangu Malindi kwamba hamna haraka. Watoto wana kazi huko: reli ya SGR inakwenda sambamba na barabara, wahesabu mabehewa. Mkikaribia Voi, upande wa kushoto utatokea Kasigau, mlima ulioinuka peke yake nyikani. Huo ndio utakaowafanya wapige kelele ya kwanza.

Voi mpumzike, msali adhuhuri, mle. Hoteli za Waislamu zipo, hamtapata shida ya nyama. Lakini wale watoto wapate chakula chepesi tu: wali mkavu, ndizi, chai ya tangawizi. Viazi vya kukaanga na soda kabla ya kupanda Wundanyi, mji ulio juu kwenye milima ya Taita, ni kujitafutia kazi ya kufua.

Kutoka Voi mnashika barabara ya Taveta hadi Mwatate, katikati ya mashamba ya katani, kisha mnakunja kulia kuupanda mlima. Ni kilomita 15 hivi tu, na ndizo kilomita 15 nzuri kuliko zote mtakazopita safari hii. Lami inajizungusha kama ukili. Kila kona inakufungulia bonde jipya, na mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko. Msizipite kwa dakika 20. Zipeni saa nzima. Simameni penye upana wa barabara, si kwenye kona, hata kona iwe na mandhari gani. Watoto washuke, wapumue, wasikie masikio yakizibuka. Mtoto anayeugua zaidi akae safu ya nyuma ya dereva, katikati, aone kioo cha mbele, na macho yake yawe mbali, kwenye kilele, si kwenye simu. Simu zizimwe Mwatate, na hilo halina mjadala. Ndimu ya kunusa inasaidia wengine. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo famasia, na kwa mtoto wa miaka 5 muulize mfamasia kipimo, usikisie. Na mbebe ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa kuwa mifuko ya nailoni imepigwa marufuku nchini tangu 2017.

Hapa nitasema juu ya kushuka, maana kupanda kila mtu anaweza. Mwaka wangu wa tatu kazini nilishuka kutoka Wundanyi na abiria 14, nikiwa na ujuzi wote wa barabara za Malindi, yaani ujuzi wa tambarare. Niliweka gia ya juu na kukanyaga breki tangu mjini. Kabla ya kufika Mwatate nilisikia harufu kama mpira unaoungua, kisha pedali ikazama chini kama nimekanyaga matandu ya wali. Breki zilikuwa zimepata moto hadi zikakataa kushika. Nilirudisha gia chini moja baada ya moja, nikalilaza gari kwenye ukingo wa ndani, upande wa mlima, likajisugua hadi likasimama. Hakuna aliyeumia ila heshima yangu. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari la otomatiki nalo lina gia ndogo, ile L au 2, na ipo kwa ajili hiyo hasa. Injini ndiyo ilizuie gari, breki iguswe tu penye kona. Kabla hamjalipa amana, muulizeni dereva mnayemkodi: "Wundanyi unashukaje?" Akikwambia "Usijali mama, breki ni mpya," tafuteni mwingine.

Wundanyi laleni usiku mbili. Najua utaona siku moja imepotea, lakini siku ya pili mtaitumia kwa taratibu: asubuhi mwende upande wa Werugha hadi msitu wa Ngangao, adhuhuri mrudi kupumzika, alasiri mwende Vuria kama hakuna ukungu. Misitu ya Taita ni ncha ya kaskazini kabisa ya mlolongo mmoja mkongwe wa milima inayoshuka hadi Tanzania, ikiwemo Usambara na Uluguru. Kwa kuwa imetengana na mingine muda mrefu, ina viumbe vyake. Kuna ndege kama apalisi wa Taita ambaye hapatikani popote duniani ila katika vipande hivi vya msitu. Ni mdogo, na usitegemee watoto watamwona. Watakachokiona ni ukungu ukiingia kati ya miti mchana kweupe, na kwao hiyo itakuwa ajabu kubwa kuliko ndege. Kuna pia mapango ambamo Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Mkitaka kwenda, mwende na mwenyeji na mtoe adabu kama mnavyoitoa makaburini kwenu. Yule mdogo wa miaka 5 mwacheni na bibi yake.

Baridi msiifanyie mzaha. Kikoi na buibui havitoshi. Kabla ya kutoka Malindi piteni mitumbani, kila mtu apate sweta nzito na soksi, na mavyaa wako apate mbili. Na ndara zibaki kwenye gari, kila mtoto avae raba. Sababu mtaiona Tsavo.

Siku ya tatu shukeni mapema, mjaze mafuta Voi, mwelekee kaskazini hadi daraja la Mto Tsavo. Hapo ndipo mwaka 1898, wakati wa kujenga reli, simba wawili walipokula wafanyakazi hadi kazi ikasimama. Wale simba sasa wako kwenye jumba la makumbusho Chicago. Kijana wako wa miaka 14 atataka kukaa hapo siku nzima, lakini msikae. Ingieni lango la Tsavo lililo karibu, mfuate barabara inayokwenda sambamba na mto kuelekea chemchemi za Mzima, milima ya Ngulia ikiwa imesimama kama ukuta. Hii ndiyo sehemu ya mbuga uliyoiuliza: njia ya udongo mwekundu, vilima vya volkano pande zote, ndovu wekundu kwa sababu ya mchanga wanaojimwagia. Mwendo wa mbugani usizidi kilomita 40 kwa saa, na hata bila sheria mngekwenda hivyo, kwa ajili ya kutazama.

Mzima mpape saa mbili au tatu. Hapa panataka maelezo, na ningependa uwaeleze watoto wewe mwenyewe, maana mtu wa Lamu ana mfano wake nyumbani. Maji mnayokunywa Lamu yanatoka wapi? Kwenye visima vya Shela. Mvua inanyesha juu ya vilima vya mchanga, mchanga unaimeza, haiendi mtoni, inakaa chini na kuchujwa, ninyi mnaichota. Haya, milima ya Chyulu ni Shela iliyokuzwa. Ni milima michanga ya volkano, kilele chake mita 2,188, na mgongo wake ni majivu na mawe yenye vitundu. Mvua yote inamezwa, juu hakuna mto hata mmoja. Inapita chini ya ardhi makumi ya kilomita na kuchomoza Mzima, katikati ya nyika kavu, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, safi kiasi cha kuona samaki na viboko wakitembea chini. Sehemu ya maji hayo imekuwa ikipelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Yanayobaki yanaingia Mto Tsavo, Tsavo unakutana na Athi, na kuanzia hapo mto unaitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Ni yale maji ya chini ya daraja mliyoyavuka mkitoka Lamu, isipokuwa njiani yamechukua udongo wa nchi nzima. Malindi nayo inakunywa kutokana na visima vya Baricho, kandokando ya Sabaki hiyohiyo.

Pale Mzima mnaruhusiwa kushuka na kutembea, pamoja na askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mwenye bunduki. Kuna chumba cha vioo kilichozama majini, mnatazama samaki wakipita usoni. Mavyaa wako ataweza, njia ni fupi na ina kivuli, ila ashikwe mkono penye vidato. Chakula kisitoke garini. Tumbili wa Mzima wananijua mimi kwa jina, na bado wananiibia.

Malazi nitayapita haraka. Ndani ya mbuga kuna hoteli kubwa, ya zamani zaidi ikiwa Kilaguni iliyofunguliwa 1962, ambayo kwa watu saba itameza akiba yenu. KWS wana nyumba ya wageni ya Kamboyo, mnapika wenyewe, na kwa familia inayotaka chakula cha halali chenye mkono wa mama hiyo ndiyo chaguo langu. Ikijaa, laleni Mtito Andei nje ya lango. Jioni hiyo, mahali popote mtakapolala, muwe mmepita kwanza Poacher's Lookout kabla jua halijazama. Ni kilima chenye kibanda juu yake, na kutoka hapo mnaona Chyulu upande mmoja, tambarare isiyo na mwisho upande mwingine, na Kilimanjaro Mungu akipenda.

Kilimanjaro ndiyo inayowavunja watu moyo. Iko Tanzania, mita 5,895, na picha zote mlizoziona zilipigwa alfajiri au jioni. Ikifika saa 3 asubuhi imeshajifunga buibui la mawingu. Kwa hiyo siku ya nne ni siku ya kuamka. Saa 12 kamili, malango yakifunguliwa, muwe barabarani na chai kwenye chupa na mahamri mkononi, mkaitafute. Ikionekana, imeonekana. Isipoonekana, mwende Shetani. Hilo ni jina la mahali, usishtuke. Ni mto wa mawe meusi uliomwagika kutoka ardhini, urefu wake kama kilomita 8, inakadiriwa miaka 200 hivi iliyopita. Wenyeji walioona moto ukitoka chini na kutembea walidhani ni shetani mwenyewe, na jina likabaki. Mpaka leo hakuna kilichoota ila kidogo kidogo pembezoni. Mawe yake yanakata kama chaza, ndiyo maana nikasema raba. Yanakata matairi pia. Karibu yake kuna kilima cheusi cha Chaimu, ambacho kijana wako na baba yake wanaweza kukipanda, wakijua kwamba kila hatua mbili mbele unateleza moja nyuma. Wewe baki chini na bibi mkiwacheka.

Kuna mtu atawaambia msifike Shetani bila kupanda Chyulu yenyewe, ambayo ni mbuga ya peke yake. Chyulu ni nzuri kupita zote, kijani tupu mgongoni, lakini njia zake zinataka gari lenye nguvu magurudumu yote, dereva anayezijua, na siku nzima ya peke yake. Itazameni kwa mbali.

Alasiri mtoke, mlale Voi. Siku ya tano ingieni Tsavo Mashariki kwa lango la Voi saa 12 asubuhi, mpite jiwe refu la Mudanda, mfike maporomoko ya Lugard mnamo saa 4 au 5. Usitarajie maji yanayoanguka kutoka juu. Ni Galana iliyojibana kwenye mawe na kuyachonga maumbo ya ajabu. Mawe yanateleza na mamba wapo, kwa hiyo watoto washikwe, hata wanaojua kuogelea. Baada ya hapo barabara inafuata mto hadi Sala, na uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyoganda kwa karibu kilomita 300, uko ng'ambo yake muda mrefu. Mto utakuwa kushoto kwenu njia nzima. Mavyaa wako akae mbele kushoto, kiti ni chake tangu siku ya kwanza hata hivyo. Mkitoka Sala saa 9 alasiri, magharibi itawakuta Malindi. Lango hufungwa saa 12 jioni na hawasikilizi visingizio.

Gari. Mko saba na dereva wa nane. Noah inaweza kuwafikisha Wundanyi bila taabu, na wengi watakwambia wameiingiza Tsavo. Ni kweli, hata mimi nimeivuta moja kutoka mchangani kando ya Galana, ikiwa na familia ndani. Kodini Land Cruiser ya mbugani, ile ya paa linalofunguka. Ni ghali, lakini mkikata usiku mmoja wa hoteli kubwa mmeshalipa tofauti. Kabla ya kutoa pesa, tazameni spea ziwe mbili na zina upepo, jeki ipandishwe mbele yenu, mikanda iwe kwa kila kiti, na bima iwe ya gari la kukodisha, si ya gari la nyumbani. Mwandikiane nani anajaza mafuta na dereva atalala kwa nani. Safari yote ni kama kilomita 950, na gari hilo la dizeli hunywa lita moja kwa kilomita 7 au 8, basi piga hesabu ya lita 130 na kitu kidogo juu. Bwana naye, kwa heshima zote, aache usukani. Nahodha anajua kusoma maji, na kona za Wundanyi hazisomeki hivyo.

Ada za mbuga hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na pesa taslimu langoni hazipokelewi. Tsavo Mashariki na Magharibi zinatozwa kila moja peke yake, kwa siku. Tazameni bei wiki hiyohiyo mnayosafiri, mlipe mkiwa mjini penye mtandao, mbebe vitambulisho vya wakubwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, la sivyo mtaulizwa maswali kama wageni. Maji ya chupa za plastiki za kutupwa hayaruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni dumu na vikombe vya kudumu.

Sasa Agosti au Disemba. Disemba, hasa mwishoni, nyika ni kijani na Kilimanjaro hujionyesha zaidi, lakini malazi yote hujaa na mvua ya vuli inaweza kuchelewa kumaliza, ikazikuta njia za udongo. Agosti ni kavu, njia ni ngumu, wanyama wanasogea kwenye maji, ila Taita kuna ukungu na ule mlima mkubwa hupenda kujificha. Mimi nachagua Agosti, na sababu kubwa si wanyama. Agosti bado ni kusi, bahari imechafuka, na mume wako hana kazi nyingi. Disemba kaskazi imeingia na wageni wanamtafuta. Ukimtoa chomboni wakati huo atakuwa Wundanyi kwa mwili tu, simu sikioni.

Dawa za presha za mavyaa wako ziwe kwenye mkoba wake, si kwenye mizigo juu ya gari, na ziwe za siku 8. Apimwe Lamu kabla ya kutoka.

Na kama bwana atakwambia siku zimepungua zikawa 4, kateni ule usiku wa mwisho wa Voi: siku ya nne mtoke alfajiri na kushika lami kurudi kwa Mariakani, muachane na Tsavo Mashariki kabisa. Wundanyi msiikate. Nikijua tarehe zenu mapema nitakutajia madereva wawili wa hapa Malindi ninaowaamini kwenye mteremko ule. Mmoja wao ni mtu wa Faza, huko huko kwenu Lamu, kwa hiyo mavyaa wako atapata wa kuzungumza naye njia nzima.